Siku Moja Katika Mahame ya Gedi

Watu wa pwani wana neno ambalo wenzao wa bara hawalitumii mara nyingi. Mahali palipopata kukaliwa na watu, kisha wenyewe wakahama wakapaacha, huitwa mahame. Gofu ni nyumba iliyobomoka. Mahame ni zaidi ya gofu, kwani ndani yake yamo mashamba yaliyorudi kuwa mwitu, visima visivyotekwa, makaburi yasiyozuriwa, na njia zisizo na apitaye. Katika pwani ya Kenya, kutoka visiwa vya Lamu mpaka karibu na mpaka wa Tanzania, mahame ni mengi kuliko vijana wengi wanavyodhani. Baadhi yake yameliwa na bahari, na mengine mawe yake yamechukuliwa kujengea nyumba mpya. Yako mamoja, hata hivyo, yaliyomezwa na msitu, na kwa kumezwa huko yakahifadhika. Hayo ni mahame ya Gedi, ambayo wengine huyaandika Gede.

Nimekwenda Gedi mara kadhaa, na safari ninayotaka kuisimulia hapa ni ile niliyokwenda pamoja na wanafunzi kumi na wawili, siku moja ya mwezi wa Agosti. Asidhani msomaji kwamba ilikuwa safari ya mashujaa. Hakuna mlima wa kupanda wala mto wa kuvuka. Nchi ni tambarare, na njia zimefagiliwa. Mwenye haraka aweza kuuzunguka mji wote kwa muda wa saa mbili na kurudi barabarani. Lakini mwenye haraka hafai kwenda Gedi. Sisi tulifika asubuhi, tukatoka jua lilipokuwa likielekea magharibi, na hata hivyo tuliacha mengi bila kuyatazama.

Kwanza msomaji auweke mji huu katika ramani. Gedi iko kama kilomita 16 kusini ya Malindi. Kutoka hapo hadi bahari kuu ni mwendo wa kilomita 6 hivi, na hadi hori ya Mida ni kama kilomita 3. Umbali huo ni fumbo la kwanza la mji huu. Mombasa, Malindi, Lamu na Kilwa zote zilijengwa ufukweni, mahali ambapo mwenye nyumba aweza kusimama mlangoni akauona mlingoti wa chombo kinachoingia. Watu wa Gedi walikuwa na mali ya biashara ya bahari, na bado walijenga mahali ambapo bahari haionekani wala haisikiki. Wako wanaosema kuwa walikimbia maadui wa baharini. Wako wanaosema kuwa walifuata maji ya visima na udongo mwekundu wenye rutuba. Mimi naelekea upande wa hao wa pili, kwa sababu mtu hula kila siku, na adui haji kila siku.

Tulipoiacha barabara na kuingia chini ya miti, jambo la kwanza tulilolitambua lilikuwa ubaridi. Mibuyu mikubwa imesimama pale, na mifune yenye mashina meupe yaliyonyoka kama nguzo, na mizizi ya miti ya jamii ya mikuyu imezikumbatia kuta kwa namna ambayo huwezi kujua kama mti unaushika ukuta usianguke au unaubomoa. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Kima walitutazama kutoka juu ya matawi, wakihesabu, nadhani, ni nani kati yetu aliyebeba chakula. Mara mbili tuliona mnyama mdogo akipita mbio juu ya majani makavu: pua yake ndefu kama mkonga, miguu myembamba, na makalio ya rangi ya dhahabu. Huyo ni sange wa aina isiyopatikana ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na makao yake makubwa ni msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani na Gedi. Mwanafunzi mmoja alisema kuwa yule ndiye raia wa mwisho wa mji. Wenzake walimcheka.

Mzee aliyetuongoza, Mgiriama mwenye sauti ya polepole, alitusimamisha mbele ya makaburi kabla hajatupeleka penginepo. Alisema kuwa mgeni anayeingia mjini hana budi kuwasalimu wakubwa kwanza. Kaburi mojawapo limeandikwa mwaka. Maandishi yake ya Kiarabu yanataja mwaka 802 wa Hijra, ambao ulianza mwaka 1399 kwa hesabu ya Kizungu. Niliwaomba wanafunzi wasimame kidogo hapo. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Basi mtu huyu alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa kwa heshima, katika kaburi lililojengwa na waashi hodari, kwa muda wa karibu miaka mia moja kabla Mreno wa kwanza hajaiona pwani hii. Katika vitabu vingi vya shule, historia ya pwani huanza na matanga ya Da Gama. Kaburi hili linapinga, na linapinga kwa tarakimu.

Karibu na hapo yako makaburi yenye nguzo. Juu ya kaburi fundi amesimamisha mnara wa mawe, mwembamba, mrefu kuliko mtu, na mmojawapo umechongwa mifereji kutoka juu mpaka chini. Makaburi ya namna hii huonekana katika pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania. Huko Arabuni, ambako dini ya Kiislamu ilianzia, hayapatikani. Nawaomba wasomaji wayaweke makaburi hayo akilini, kwa kuwa tutayahitaji baadaye kama shahidi.

Kutoka makaburini tulikwenda kwenye Msikiti Mkuu. Ulijengwa katikati ya karne ya 15, ukajengwa upya karne moja hivi baadaye. Paa limekwisha anguka zamani, na mahali pa kivuli chake pamechukuliwa na kivuli cha miti. Safu za nguzo zimebaki, na mihrabu imebaki, yenye mashimo ya mviringo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina kuwa pambo. Nje kuna kisima, birika, na mawe yenye kukwaruza ya kusugulia nyayo, ili mtu asiingie katika sala na vumbi la njiani. Wanafunzi walipenda zaidi jambo moja lililochongwa juu ya mlango wa upande wa mashariki: kichwa cha mkuki, kipana, kama mikuki ya watu wetu. Mtu aliyeagiza mkuki uwekwe juu ya mlango wa msikiti wake alikuwa Mwislamu, na papo hapo alikuwa mtu wa nchi hii.

Sasa nije kwenye nyumba, maana hapo ndipo palipozuka mazungumzo yetu marefu ya siku ile.

Nyumba za mawe za Gedi zimesongamana karibu na jumba kubwa liitwalo la mfalme, na kati yake hupita vichochoro vyembamba. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa papo hapo ardhini, kwa udongo mwekundu, na kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe. Paa lilikuwa bapa, limelazwa juu ya boriti za mikoko. Hapo iko sheria ambayo kila fundi wa pwani aliitii: upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Ndiyo sababu vyumba vya Gedi ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu au tatu tu kwa upana, katika nyumba ya tajiri na ya jirani yake vilevile. Mkoko haukujua cheo.

Mbele ya nyumba kuna ua wa kupokelea wageni. Nyuma yake chumba kirefu cha kukaa. Nyuma ya hicho vyumba vya kulala na ghala. Baadhi ya maghala hayana mlango hata kidogo. Huingiwa kwa tundu lililo juu karibu na paa, kwa kupanda ngazi, na ngazi ikiisha kuondolewa mwizi hana njia. Vyoo vyao vilikuwa safi na vya werevu, vyenye mahali pa kutawadhia na mashimo ya kupokea maji machafu. Niliwakumbusha wanafunzi kuwa katika karne ya 15 ilikuwako miji mingi mikubwa ya Ulaya ambamo taka zilimwagwa barabarani. Wengine waliandika jambo hilo katika madaftari yao kwa furaha ambayo, nadhani, haikuwa ya elimu peke yake.

Chini ya sakafu, karibu na milango, wachimbaji walikuta vyungu vilivyozikwa. Watu wa pwani hukiita chungu cha namna hiyo fingo. Ni kinga: huwekwa chini kwa dawa na maneno yake ili kuilinda nyumba au mji na wenye nia mbaya. Basi katika mji huo huo wa mihrabu na birika, watu walizika mafingo milangoni. Mwenye kutaka wahenga wake wawe wa rangi moja tu, au wa kitabu kimoja tu, atapata taabu Gedi.

James Kirkman, Mwingereza aliyeuchimba mji huu kuanzia mwaka 1948 kwa muda wa miaka kumi hivi, alizipa nyumba majina kwa kufuata vitu alivyoviokota ndani yake. Kwa hiyo mgeni leo huongozwa kutoka Nyumba ya Sarafu za Kichina hadi Nyumba ya Ushanga wa Venice, akapita Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe na Nyumba ya Kauri, yaani zile simbi za baharini. Majina hayo yana utamu, na humsaidia mtu kukumbuka. Lakini yana hatari yake, na hatari hiyo ilifunuliwa kwetu na msichana wa kidato cha pili.

Yeye alikuwa amebaki nyuma kidogo. Alipotufikia alikuwa ameshika kigae, kipande cha chungu chekundu chenye mistari midogo shingoni. Alimwuliza mzee kama kile nacho kilitoka China. Mzee alikichukua, akakigeuza, akasema, "La, mwanangu. Hiki ni cha hapa hapa. Bibi yako angekijua." Kisha akaliuliza kundi zima swali ambalo sikulitazamia: katika vigae vyote vilivyochimbwa hapa, vingi ni vya wapi?

Walijibu China, Uajemi, Uhindi. Walikuwa wamefundishwa hivyo, na labda nami nilikuwa mmoja wa waliowafundisha. Mzee akatikisa kichwa. Sahani za Kichina na vyombo vya rangi ya samawati vya nchi za Kiislamu vipo, na ni vizuri kutazama. Lakini sehemu kubwa kabisa ya vigae vya Gedi, kama ilivyo katika miji yote ya zamani ya pwani yetu, ni vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa nchini, vya kupikia wali na mtama na vya kuwekea maji. Hakuna aliyeiita nyumba hata moja Nyumba ya Chungu. Ingekuwa vigumu, kwa kuwa kila nyumba ingestahili jina hilo.

Basi tazama jinsi majina yanavyoweza kupotosha bila kusema uongo. Mgeni apitaye kutoka sarafu ya China hadi ushanga wa Venice hutoka akiamini kuwa wenye mji walikuwa wageni. Kirkman mwenyewe aliamini hivyo. Kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya Msikiti Mkuu alikiita kwa jina lenye maana ya mji wa Kiarabu wa Gedi. Simlaumu kwa kazi yake ya mikono, kwani alichimba kwa uangalifu na akaandika kila alichokiona. Kama si yeye, tungekuwa tukisimulia hadithi za majini tu. Lakini katika zama zake wataalamu wengi wa Kizungu waliona ukuta wa mawe katika Afrika wakauliza kwanza ni nani aliyeuleta. Swali la kwamba huenda ulijengwa na watu wa hapo lilikuja mwisho, au halikuja kabisa.

Ushahidi uliopatikana baadaye umeligeuza jambo hilo. Kuanzia mwaka 1999 Stéphane Pradines, mtaalamu wa Kifaransa, alichimba tena Gedi, akaonyesha kuwa watu walikaa hapo kabla ya kuta nyingi tuzionazo, na kwamba nyumba za udongo zilitangulia nyumba za mawe. Mji haukuteremshwa kutoka merikebuni ukiwa tayari. Ulikua kidogo kidogo, kama kijiji kikuavyo. Lugha nayo hutoa ushahidi wake. Kiswahili ni ndugu wa Kigiriama, Kidigo na Kipokomo. Mswahili husema mvua na maji, Mgiriama jirani wa Gedi husema mvula na madzi. Maneno ya Kiarabu yaliingia kwa wingi, lakini yaliingia katika nyumba ambayo nguzo zake zilikwisha simama. Tena yako yale makaburi ya nguzo, na ule mkuki juu ya mlango.

Hata hivyo nisije nikaangukia shimo la upande wa pili. Wako leo wanaopenda kusema kuwa wageni hawakuwa na sehemu yoyote. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa chembe za urithi zilizotolewa katika mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wakiwa watu wa miji ya pwani ya Kenya na Tanzania waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Gedi haikuwamo, lakini Mtwapa, iliyo njiani ukienda Mombasa, ilikuwamo. Wengi wa watu hao walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa mama. Na kwa upande wa baba sehemu kubwa ilitoka Asia, hasa Uajemi, kwa mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000. Wazee wa pwani wamekuwa wakisimulia habari za babu aliyetoka Shirazi, na wako wasomi waliozicheka. Inaonekana hadithi ile ilikuwa na chembe ya kweli, ila ilimsahau bibi.

Saa sita tulikaa chini ya mbuyu tukala, tukiwa tumeweka mikoba yetu katikati kwa ajili ya kima. Mahali tulipokaa palikuwa patupu. Hapakuwa na ukuta wala kaburi. Ardhi ya majani makavu tu, na vijiti. Nikawauliza wanafunzi: hapa palikuwa na nini?

Ukuta wa nje wa Gedi, ambao kimo chake kilikuwa kama futi tisa, uliuzunguka mji wenye eneo la ekari 45 hivi, na watu wake hukadiriwa kuwa kiasi cha 2,500. Nyumba za mawe ziko ndani ya ukuta wa pili, karibu na jumba na msikiti, na ni chache. Mtu azihesabu, kisha ajaribu kuwagawanya watu hao wote humo, haiwezekani. Waliobaki walikaa katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na hao ndio waliokuwa wengi. Ndio waliolima, waliochoma chokaa, waliokata boriti za Mida na kuzibeba mabegani kilomita 3, waliofinyanga vyungu, waliofuma nguo, waliovua samaki. Nyumba zao zilirudi udongoni kama mvua inavyorudi baharini, na juu yake mti ukaota. Watu hutoka mbali kuja kutazama kuta za mawe, nao hukanyaga mji wenyewe wakienda kuzitazama.

Sisemi kuwa matajiri wa Gedi hawana haki ya kukumbukwa. Biashara yao ilikuwa kubwa. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, akashangiliwa kama mnyama wa heri. Na sarafu na sahani za Kichina zilizookotwa Gedi zaonyesha kuwa upepo ule ule wa kusi na kaskazi uliopeleka zawadi ulileta na bidhaa. Pembe za ndovu zilitoka bara. Lakini ndovu hakuletwa Malindi na mwenye nyumba ya mawe akiwa peke yake.

Jambo moja lililotushangaza sote ni ukimya wa Wareno. Walikuwa rafiki wa Malindi tangu 1498, wakakaa huko kwa miaka mingi ya karne ya 16, na walikuwa watu wa kuandika. Na mji huu, mwendo wa nusu siku kwa miguu, hautajwi kwa jina lake katika maandishi yao. Sababu moja huenda ni jina lenyewe. Gedi husemwa kuwa ni neno la Waoromo, lenye maana ya kitu cha thamani, nao walifika pande hizo baadaye. Kwa hiyo wenye mji waliuita kwa jina jingine, na Kirkman alidhani kuwa huenda ni Kilimani. Tunauita mji kwa jina ambalo raia wake hawakulijua.

Kwa nini waliuhama? Mwanafunzi hupenda sababu moja, ili aiandike katika mtihani. Gedi inazo kadhaa, na naona zilifuatana kama mawimbi. Mji ulilegea mapema katika karne ya 16, ukapata watu tena baadaye katika karne hiyo hiyo. Ukuta wa ndani, unaozunguka sehemu ndogo tu ya mji wa kwanza, husemwa kuwa ni wa wakati huo. Wanadamu hawapunguzi ukuta wao ila wamepungua wenyewe. Kisha mwaka 1589 Wazimba, watu wa vita waliopanda pwani kutoka kusini, waliiangamiza Mombasa, wakafika mpaka Malindi, ambako Wasegeju waliwashinda. Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu, na mtawala wa Malindi akahamia Mombasa, biashara ikamfuata. Waoromo wakashuka kutoka kaskazini. Kabla ya nusu ya karne ya 17 kupita, Gedi ilikuwa imekwisha kuwa mahame.

Lakini mimi, kila nikienda, husimama zaidi kisimani kuliko penginepo. Kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu kilichimbwa, kisha kikaongezwa kina, kwani maji yalikuwa yakizidi kwenda chini. Adui hufukuzwa, na mji uliochomwa hujengwa upya. Mombasa ilichomwa mara nyingi, na mpaka leo ipo. Maji yakikimbia hakuna ngome ya kuyazuia. Nawaza juu ya mwanamke wa nyumba ya udongo, anayeongeza kamba ya ndoo yake dhira moja mwaka huu, na dhira nyingine mwaka ujao. Huyo alijua habari za mwisho wa mji kabla ya mfalme.

Baada ya watu kuondoka, msitu ulishika zamu. Wagiriama walipofanya makao pande hizo hawakuufyeka, kwa kuwaheshimu na kuwaogopa wazee wa kale waliosemekana bado wamo. Kirkman, ambaye hakuwa mtu wa kuamini mizimu, aliandika kuwa alipoanza kazi alihisi kama kuna kitu kinachomtazama kutoka nyuma ya kuta. Mwaka 1884 alipita Sir John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja. Mwaka 1927 mahali hapa palitangazwa kuwa pa historia. Mwaka 1948 pakawa hifadhi. Tangu 1969 pamo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Na mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Gedi katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hizo ni habari njema, lakini mlinzi wa kwanza, aliyelinda bila mshahara kwa miaka mia tatu, alikuwa ile hofu ya wanakijiji. Siku hizi ipo na sababu nyingine. Tangu 1993 wakulima wa jirani hufuga vipepeo wa msitu wa Arabuko-Sokoke chini ya mradi uitwao Kipepeo, wenye makao yake hapo Gedi, na buu wao huuzwa nchi za ng'ambo. Mti ulio hai umekuwa na bei.

Jua lilipopungua tuliifuata njia inayokwenda kando ya ukuta wa nje. Yule msichana alikuwa bado na kigae chake. Mzee alikuwa amemruhusu kukitazama, lakini pale alipokiokota alichomeka kijiti, akamwambia kuwa kitu kikiondolewa mahali pake hakisemi tena, hata ukikiweka katika kabati la kioo. Basi tulirudi naye mpaka nyumba zile, tukatafuta kijiti. Ilituchukua muda, maana chini kuna vijiti vingi. Alipokiona alipiga magoti, akakilaza kigae kama kilivyokuwa, mistari ikitazama juu, akakirudishia majani.

Kisha tukatoka. Tulipokuwa tumekwenda hatua kama hamsini nje ya ukuta, mmoja wetu aligeuka ili aonyeshe msikiti uko upande gani, na hakuna aliyeweza kuuona.